Wenzi wa Safari: Habari za Chuma, Susi, na Mzee Mmoja wa Kisauni

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi wa Kisauni, Likoni na Changamwe. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, ila tumeondoa salamu za mwanzo.)



Nimeombwa niseme habari ya urafiki wa wanaume, hasa ule urafiki unaozaliwa njiani, watu wanapoyaacha makwao na kwenda kutafuta wasiyoyajua, wakaendelea hivyo tangu ujana mpaka nguvu zinapokwisha. Watu wengi wakitajiwa jambo hili humkumbuka Sindbad, au mabaharia wa nchi za mbali. Mimi sina haja ya kwenda mbali. Mtu akitoka mjini Mombasa akavuka daraja la Nyali, akafika Kengeleni, ataiona kengele ya kale iliyotundikwa kando ya barabara. Pale ndipo pa kuanzia.

Kengele hiyo ni ya mji wa Frere Town, uliojengwa na misheni ya C.M.S. mwaka 1875 ili wakae watu waliotolewa utumwani. Miaka miwili kabla yake, mwezi wa Juni 1873, Sayyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuzuia watumwa wasipitishwe baharini na kulifunga soko lao. Aliyekuwa ametumwa kutoka Uingereza kuzungumza naye juu ya jambo hilo ni Sir Bartle Frere, na mji ukaitwa kwa jina lake. Hatari ilipokaribia kengele ililia, watu wakakusanyika. Siku hizi vijana hulitaja jina la Kengeleni wanapomwambia utingo wa matatu awashushe, wala wengi wao hawaulizi ni kengele gani.

Katika watu waliokaa Frere Town na Rabai walikuwamo wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Hao walikamatwa wangali watoto, wakatiwa majahazini, kisha manowari za Waingereza zikawaokoa baharini na kuwapeleka Bara Hindi. Huko walisomeshwa katika shule ya misheni karibu na mji wa Nasik, wakafunzwa Kiingereza na kazi za mikono. Mmoja wao aliitwa Matthew Wellington, Myao kwa kuzaliwa. Alikaa huku kwetu miaka mingi, akafa Mombasa mwaka 1935, hali akihesabiwa kuwa wa mwisho wa wale waliouchukua mwili wa Daktari Livingstone kutoka katikati ya Afrika mpaka pwani. Nadhani wako wazee ambao baba zao walimwona.

Lakini Matthew aliingia katika safari ile karibu na mwisho wake. Walioianza, na ambao urafiki wao ndio hasa ninaotaka kuuzungumza, ni wawili: Chuma na Susi.

Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao. Mwaka 1861, katika milima ya Shire, alikuwa amefungwa katika msafara wa watumwa, ndipo Livingstone na Askofu Mackenzie walipoukuta msafara ule na kuwakata kamba. Susi hakuwa mtumwa. Alikuwa mtu wa Shupanga, kando ya mto Zambezi, aliyeandikwa kazi mwaka 1863 kama vibarua wengine, kwa mshahara. Alichukua jina la Kiislamu, Abdullah. Chuma alibatizwa baadaye huko Bombay akaitwa James. Basi mmoja Mwislamu, mmoja Mkristo. Mmoja mtu mzima aliyechagua kazi, mmoja mtoto aliyeokotwa njiani. Makabila mbalimbali, lugha mbalimbali. Ukiwatazama hivyo, hapana sababu hata moja ya kuwafanya marafiki. Sababu ilikuja yenyewe, nayo ilikuwa ni bahari.

Mwaka 1864 Livingstone alikuwa na merikebu ndogo ya moshi, Lady Nyassa, iliyoundwa kwa ajili ya ziwani, si kwa ajili ya bahari kuu. Hakutaka kuiuza Unguja, maana aliogopa itatumiwa kuchukulia watumwa. Akaamua kuivusha mpaka Bombay. Waliondoka Unguja tarehe 30 Aprili, wakafika Bombay tarehe 13 Juni, siku 45 juu ya maji, nao katika mabaharia wao walikuwamo vijana wa Zambezi ambao hawakuwa wameijua bahari. Susi alikuwamo; Chuma pia, na mwenzake Wikatani. Ndugu zangu wa Likoni, ninyi mnaojua jinsi feri inavyopigwa na wimbi siku ya upepo hapo Kilindini, fikirini siku 45 katika chombo kama kile na masika yanakaribia. Walipofika, Livingstone alikwenda zake Uingereza. Susi na rafiki yake Amoda wakafanya kazi bandarini, Chuma na Wikatani wakatiwa shule. Aliporudi, walikubali kwenda naye tena.

Mwaka 1866 waliingia bara kutoka pwani ya Rovuma. Msafara ulikuwa na wapagazi wa Nzwani, askari wa Kihindi, vijana wa Nasik, na hao wa Zambezi. Katika mwaka mmoja karibu wote walikwisha toweka. Askari walirudishwa. Watu wa Nzwani walikimbia na mkubwa wao Musa, wakafika Unguja na kusema uongo kwamba Livingstone ameuawa na wao ndio waliookoka. Ulaya ikaamini, hata ikabidi watu wapelekwe mwaka 1867 kuhakikisha kwamba si kweli. Likumbukeni neno hili la Musa, maana nitalirudia. Wikatani naye, walipofika karibu na ziwa Nyasa, alisema amewaona ndugu zake, akabaki. Simlaumu, mtoto aliyeuzwa, akiuona mlango wa kwao, atapita bila kuuingia?

Chuma angeweza kubaki vile vile. Wikatani alimshawishi. Lakini alikwenda na Susi.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku hiyo walikuwa watiifu kama malaika, lakini haikuwa hivyo, na kwa maoni yangu hadithi ni nzuri zaidi kwa sababu haikuwa hivyo. Mwaka 1868 Livingstone alitaka kwenda ziwa Bangweulu. Wengi wa watu wake walikataa, Susi na Chuma wakiwamo. Walichoka. Walikuwa wamekwenda miaka miwili kwa njaa, mvua na homa, wala hakuna aliyewaambia mwisho wa safari ni wapi. Livingstone akaenda na wachache. Aliporudi aliwapokea tena, na katika daftari yake aliandika kwamba hawezi kuwalaumu sana, kwa maana hata yeye mwenyewe amechoka na kutembea, tena yeye naye ana makosa yake. Hapo ndipo ninapoona wale watu wakawa wenzi. Kabla ya hapo walikuwa bwana na watumishi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hii ni kweli, lakini dhiki ina siku nyingi, na mtu huweza kukosa kufaa siku moja akafaa siku elfu nyingine.

Mwaka 1871, Stanley alipofika Ujiji akimtafuta Livingstone, Susi ndiye aliyekuja mbio kumlaki na kumsalimu kwa Kiingereza, kisha akarudi mbio kwenda kumwarifu bwana wake. Mwaka uliofuata Stanley aliporudi pwani alipeleka watu 57 wa kumsaidia mzee huyo. Katika hao walikuwamo vijana sita wa Nasik: Jacob Wainwright na John Wainwright, Carus Farrar, Richard Rutton na Benjamin Rutton, na huyu Matthew Wellington wetu. Waliondoka Unyanyembe mwezi wa Agosti 1872. Nisiwasahau wanawake. Alikuwamo Halima, mke wa Amoda, mpishi wa msafara, ambaye Livingstone alimsifu kupita wanaume wengi. Kila tunapotaja safari kubwa za wanaume, haifai tusahau ni nani aliyepika.

Sasa tufike kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Ni mwisho wa mwezi wa Aprili 1873. Mgonjwa hawezi kusimama. Amechukuliwa kwa machela majini na matopeni. Wamemjengea kibanda cha nyasi. Kabla ya mapambazuko, kijana Majwara aliyekuwa akilala mlangoni akamwendea Susi na kumwambia kwamba anaogopa, hajui kama bwana yu hai. Susi akamwamsha Chuma, na Chowpere, na Matthew, na Muanyasere. Watu sita wakaingia. Mshumaa ulikuwa ukiwaka juu ya sanduku. Mzee alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, uso wake katika mikono juu ya mto. Walingoja kidogo, kisha mmoja akamgusa shavu. Alikuwa baridi.

Walitoka nje wakakaa kuzunguka moto. Mimi nauona moto ule kuwa ndio mahali penye jambo lote. Hapana Mzungu hata mmoja karibu yao. Wana bunduki, nguo, shanga na chakula kidogo. Wako mbali na pwani kwa mwendo wa zaidi ya maili 1,000. Wangeweza kugawana mali na kutawanyika, na nani angewauliza? Wangeweza kumzika pale pale, na kila mtu angesema wamefanya wema. Tena desturi za nchi zile zilikuwa kali: wageni wakifiwa, mwenye nchi huweza kuwatoza faini kubwa, na maiti katika mzigo ni jambo la kuogofya kupita vita.

Asubuhi waliita watu wote. Masanduku yakafunguliwa mbele ya kila mtu, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaandika kila kitu kilichomo katika daftari, asije mtu akasema kimepotea. Wakawaambia Susi na Chuma kwamba wao ndio wakongwe wa safari na taabu, basi wawe wakubwa wao, na kila watakaloamuru litafanywa. Wakaamua kuupeleka mwili pwani.

Kwanza walificha habari kwa Chitambo, lakini habari kama hiyo haifichiki. Chitambo akaja. Hakukasirika wala hakutoza faini. Aliwauliza kwa nini hawakumwambia kweli tangu mwanzo, kwa maana yeye pia amesafiri, amepata kufika Pwani zaidi ya mara moja kabla ya njia kuharibiwa na vita, naye ajua kwamba wao si watu wabaya. Ona jinsi msafiri anavyomjua msafiri! Akaja na watu wake kuomboleza kwa ngoma.

Farijala, ambaye alikuwa amewahi kumtumikia daktari Unguja, aliupasua mwili akautoa moyo na matumbo, vikazikwa katika sanduku la bati chini ya mti mkubwa, na Jacob akasoma sala za mazishi. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani muda wa siku 14, ukafungwa kwa nguo, kisha kwa gome la mti, kisha kwa turubali lililoshonwa na kupakwa lami. Kisha Jacob akachora katika gome la ule mti jina la marehemu na tarehe, na majina ya watu watatu miongoni mwa wakubwa wa msafara. Aliandika tarehe 4 Mei. Vitabu vingi husema alikufa tarehe 1.

Hata kabla hawajaenda mbali, nusu yao waliugua, wakakaa wiki nyingi. Wakavuka Luapula. Penye mji mmoja walipigana. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron na Wazungu wenzake, waliokuwa wametumwa kumsaidia Livingstone wakachelewa. Cameron aliwashauri wamzike pale. Fikirini: watu hao wameitumikia amri ya Wazungu miaka mingi, na sasa Mzungu, ofisa wa manowari, awaambia kwa wema kabisa kwamba wametosha, waweke mzigo chini. Walikataa. Walikataa kwa adabu, wakaondoka.

Walipofika Kasekera, watu wa nchi wakawazuia wasipite na maiti. Basi wakafanya hila. Waliufungua mwili wakaufunga tena kwa namna ya mtumba wa nguo, kama mitumba mingine ya biashara. Kisha wakatengeneza mzigo wa uongo, wa mabua, mrefu kama mtu, wakaupa watu sita waurudishe Unyanyembe kwa huzuni kubwa, kana kwamba wanakwenda kuuzika. Hao sita walipokuwa mbali porini waliuvunjavunja mzigo wakautupa, wakarudi usiku kwa njia nyingine kuwafuata wenzao. Mabibi na mabwana, siri hiyo ilijulikana kwa watu wote wa msafara, na hakuna hata mmoja aliyeitoa.

Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874.

Watu huuliza kwa nini walifanya hivyo. Wako wasemao ni kwa mapenzi, na wako wasemao ni kwa ujira. Mimi naona yote mawili yalikuwamo, wala sioni haya kuyaweka pamoja. Lakini nadhani lilikuwako na la tatu, nalo ni Musa wa Nzwani. Susi na Chuma walijua kwamba mara moja tayari wapagazi walirudi pwani wakasema bwana amekufa, na ilikuwa uongo. Wao wangekwenda na maneno matupu, nani angewaamini? Mwili ndio uliokuwa ushahidi wao. Waliuchukua ili jina lao lisichafuke, na jina la wenzao wote pia.

Na malipo yalikuwaje? Unguja walipewa mishahara yao wakaachishwa kazi. Mwili ukapelekwa Uingereza, na katika wote aliyekwenda nao ni Jacob Wainwright peke yake. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Jacob alikuwa mmoja wa waliolishika jeneza. Susi na Chuma hawakuwapo. Waliitwa baadaye, kwa fedha za James Young, rafiki wa marehemu, wakafika London wakati mazishi yamekwisha. Hata hivyo walikaa na Horace Waller, wakamsaidia kuzitengeneza zile daftari ziwe kitabu, wakaeleza mahali baada ya mahali, mto baada ya mto. Walijenga hata mfano wa kile kibanda cha nyasi ili watu wakione. Baadaye zilitolewa medali za fedha kwa watu wa msafara. Lakini zilipofika Unguja, wengi wao walikuwa wametawanyika.

Baada ya hapo njia za marafiki hawa ziliachana, kama inavyokuwa kwa watu wazima wenye kazi. Chuma alikuwa mnyapara wa misafara ya misheni ya U.M.C.A. kwenda Masasi na nchi ya Wayao. Mwaka 1879 aliongoza safari ya Keith Johnston na Joseph Thomson. Johnston alikufa Behobeho mwezi wa Juni, na Thomson akabaki mkubwa, kijana wa miaka 21 asiyeijua Afrika. Chuma ndiye aliyemfikisha Nyasa na Tanganyika na kumrudisha. Thomson alimsifu kwamba alijaa mizaha na hadithi, watu wote wakampenda, na hata hivyo hakuna aliyethubutu kuivunja amri yake. Susi naye alikwenda upande mwingine wa Afrika, mpaka Kongo, akafanya kazi na Stanley wakati wa kujengwa kwa vituo vya mto ule. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, bado si mzee. Susi aliishi mpaka 1891. Mwaka 1886 alikuwa amebatizwa, na jina alilopewa ni David, jina la Livingstone mwenyewe.

Turudi kwetu. Hapa Rabai na Kisauni walikuwapo wenzi wengine wa namna ile ile, William Jones na Ishmael Semler, wote wawili Waafrika wa Bombay, waliokuja Rabai tangu 1864, na mwaka 1885 wakafanywa mashemasi na Askofu Hannington. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini. Walipofika Kavirondo, Askofu akamwacha Jones kwa Sundu, mahali paitwapo leo Mumias, pamoja na wingi wa wapagazi, akaendelea na watu 50. Aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alingoja mpaka habari zikawa hakika, kisha akawarudisha watu wake kwa miguu njia ile ile, wakaingia Rabai mwezi wa Februari 1886 na bendera ya buluu mbele, imeandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Kurudi vile, bila mkubwa, na watu wenye hofu, mimi nakuhesabu kuwa kazi kubwa kuliko kwenda.

Reli ndiyo iliyomaliza maisha hayo. Reli ilianza kutandikwa hapa mwaka 1896, ikavuka Makupa ikapita Changamwe, ikafika ziwani Kisumu Desemba 1901. Mizigo iliyochukuliwa vichwani miezi mitatu ikaenda kwa siku chache. Wazee wa Changamwe waliofanya kazi relini na bandarini walikuwa na wenzi wao pia, wa kiwandani na wa gati, na habari zao zingefaa zikusanywe kabla hazijapotea. Mimi leo sina wakati.

Ule mti wa Chitambo uliingia uzee, ukakatwa mwaka 1899, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Majina yaliyochorwa ni Yazuza, Mniasere na Vchopere. Hao wawili wa mwisho waliingia kibandani asubuhi ile. Jina la Chuma halimo, wala la Susi, wala la Jacob aliyeshika kisu. Matthew naye hayumo. Yeye alibaki huku Mombasa. Mwaka 1931 likafunguliwa daraja la kuelea la Nyali, na mtu akaweza kuvuka kwa miguu kutoka kisiwani kuja Kisauni. Alikuwa bado yu hai kuliona, na wote watano aliokuwa nao kibandani walikuwa wamekwisha kumtangulia.